Kitufe cha Kupisha

Mamangu huwaambia majirani zetu wa Mtongwe kwamba mimi natengeneza kompyuta. Ndiyo maana nikikaa barazani kunywa chai, sijamaliza kikombe mtu keshaniletea kitu: redio iliyokufa, pasi, king'amuzi cha televisheni, na siku moja feni ya dari na nyaya zake zote zinaning'inia. Nishaeleza mpaka nimechoka. Hata hizo programu siziandiki mimi, huziandika mwenzangu. Kazi yangu ni kukaa na watu kazini kwao, niwatazame, niwaulize kinachowaudhi, halafu nichore programu itakavyokuwa: mtu abonyeze wapi, aone nini kwanza, neno gani liandikwe.

"Kwa hivyo unalipwa kwa kuuliza maswali," mama akaniambia.

"Ndiyo, mama."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Lo! Na ule udaku wako wa utotoni, kumbe ulikuwa unasomea kazi!"

Kampuni yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na huyo mwenzangu, katika chumba kimoja huko Magongo, juu ya duka la magodoro. Yeye ni mtu wa bara, alikuja Mombasa kutafuta kazi bandarini, akaishia kuandika programu na kuimba kwaya. Tunapendana kama ndugu na tunagombana vivyo hivyo. Wakati huo tulikuwa na mteja mmoja tu wa maana, kampuni inayosambaza unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia kwenye maduka ya Pwani nzima. Walitaka mfumo mmoja wa kuunganisha stoo, mauzo na malori yao, wakatuambia tuanze na yadi ya Changamwe kwa majaribio. Tajiri mwenyewe, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, angekuja kuutazama. Ukimridhisha, tunapewa kazi ya kampuni nzima pamoja na ghala lao la Kisauni. Usipomridhisha, tunafunga chumba.

Na tukifunga, mimi nahamia Nairobi. Kulikuwa na kampuni huko iliyokwisha kuniahidi kazi na ilikuwa inangoja jibu langu. Nairobi sikutaka. Nasema wazi, sikutaka hata kidogo. Baba alishatangulia mbele ya haki, ndugu zangu wameolewa na kuoa mbali, na nyumbani tumebaki mimi na mama. Lakini nilipomweleza, wala hakuinua uso. Alikuwa anachambua kunde.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Kazi ziko huko. Mimi nina majirani."

Iliniuma alivyonitoa kirahisi namna ile. Nikaenda kuoga.

Basi yadi ile, kabla hatujafika, iliendeshwa kwa mdomo. Getini alikaa karani, mama wa Kigiriama kutoka Kaloleni, mwenye sauti ambayo ukiwa Likoni nadhani unaisikia. Lori likiingia, anampigia meneja kelele; meneja anawapigia makuli kelele; makuli wanampigia dereva kelele arudi nyuma hadi kwenye mlango wa kupakia. Jioni wote sauti zimewakauka. Nilipowauliza malori hupakiwa kwa mpangilio gani, nilipata jibu moja kwa kila mtu. Meneja: anayefika kwanza hupakia kwanza. Karani: anayefika kwanza hupakia kwanza. Makuli: kwani kuna vingine?

Haya, tukatengeneza hivyo. Lori likifika, karani anabonyeza tableti, dereva anapewa karatasi yenye namba. Skrini kubwa ukutani inaonyesha namba gani iende mlango upi. Makuli hawana haja ya kumuuliza mtu kitu. Wanasoma namba ya karatasi, stoo inawatolea mzigo wa namba hiyo, wanapakia. Kimya na raha. Mwenzangu alijisifu wiki nzima.

Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, lori la Ukunda lilikuwa limejazwa sabuni za Malindi. Lori la Malindi nalo lilikuwa limeondoka na sukari ya Ukunda, na tulipogundua lilikuwa limeshavuka daraja la Nyali. Lingine la Mariakani lilipakiwa mafuta ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Meneja, ambaye tai yake humkaba hata siku za amani, alikuja ofisini amebadilika rangi.

"Wanabadilishana namba!" akasema. "Nimewaona kwa macho yangu. Mtu anapewa namba, anampa mwingine, wanacheka! Nataka mfumo uwaadhibu. Ukibadilisha namba, unarudi mwisho wa foleni."

"Hiyo ni kazi ya mchana mmoja tu," mwenzangu akadakia. "Tunafunga hiyo maneno kabisa. Hawa watu wako wa Pwani wanazoea vibaya."

"Watu wangu wa Pwani!" nikamaka. "Wewe umekaa hapa miaka mingapi? Biriani unayokula ni ya watu gani?"

Lakini moyoni nilikuwa nimekasirika kuliko meneja. Mimi hasira zangu hazina breki. Nilitoka mpaka kwenye yadi, jua la saa sita kichwani, nikaenda moja kwa moja kwa madereva waliokaa kivulini upande wa ukuta.

"Nani kachukua namba ya nani?" nikauliza kwa ukali.

Wakanitazama tu. Halafu dereva mmoja mzee, mtu wa Kinango, akasema taratibu, "Kwanza hujambo, mwanangu."

Nikaona haya mpaka kwenye nyayo. Mimi huyu, mtoto wa Mtongwe, nimeingia baraza ya watu bila salamu! "Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Za nyumbani?"

"Njema."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anashukuru Mungu."

"Karibu ukae."

Nikavuta kreti ya soda, nikakaa. Ukishasalimiana vile, jamani, huwezi tena kugomba. Nikauliza upya, kwa sauti ya mtu mwenye wazazi, wakanieleza bila kuficha. Yule wa Malindi alipewa namba ya mbele kwa sababu mkewe amelazwa, anataka kurudi mapema akamwone. Mzee wa Kinango yeye macho yake hayapendi tena kuendesha jua likizama, kwa hiyo akiwa na safari ya Lunga Lunga wenzake humwachia nafasi. Siku ya Ijumaa wanaoswali huachiwa mbele na Wakristo wapate kuwahi msikitini, na siku za mkesha wa kanisa Wakristo nao hutendewa vivyo hivyo.

"Tunapishana," mzee akasema. "Ndivyo yadi hii inavyokwenda."

"Mbona niliuliza na hamkuniambia?"

Wakatazamana. Mmoja akacheka. "Dada, hilo nalo ni jambo la kuambiana?"

Kweli. Ungeniuliza nyumbani kwetu chakula kinapakuliwa vipi, ningekuambia kinawekwa kwenye sinia tunakula. Nisingekumbuka kukuambia kwamba mgeni husogezewa nyama. Zamani karani akipiga kelele, dereva alijibu tu, "Nimempisha fulani!" na karani akaita lori jingine, mambo yakaisha. Sisi tulimnyamazisha karani, watu wakabaki na karatasi mkononi. Sasa wampishe mwenzao kwa njia gani, kama si kumpa karatasi?

Nilirudi ofisini nikamwambia meneja hakuna wa kuadhibiwa. Tutaweka kitufe. Kitaandikwa NIMEMPISHA. Dereva anayetaka kumwachia mwenzake nafasi anakwenda kwa karani, karani anagusa lori lake, anagusa lori la mwenzake, yanabadilishana nafasi kwenye skrini, na kila mzigo unalifuata lori lake. Karatasi haitoki mkononi mwa mtu.

"Kitufe cha adabu!" meneja akasema. "Katika programu ya biashara! Tajiri atanicheka."

"Atakucheka akisikia sukari yake iko Malindi."

Hapo akalegea kidogo. Akanipa mpaka siku ya tajiri kuja, wala si zaidi.

Nilichora, nikampelekea karani. Nilikuwa nimejitahidi sana, nikaweka hata orodha ya sababu, mtu achague: ugonjwa, ibada, umri, safari ndefu. Niliona nimefanya jambo la maana. Ofisi ingepata kujua kwa nini foleni inabadilika. Karani aliitazama tableti, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Umeona wapi mtu akaulizwa sababu ya kumpisha mwenzake?" akaniuliza. "Nianze kumhoji? 'Baba, tafadhali, unampisha kwa ugonjwa au kwa umri?' We mwana, toa!"

Nikatoa. Siku nyingine akasema kitufe ni kidogo, na yeye mkono mmoja huwa na mahamri. Tukakikuza. Halafu akasema kikiwa karibu na kile cha kufuta atakuja kufuta lori la watu bure. Tukakihamisha. Mwishowe aliweka sharti ambalo nisingelifikiria mimi: anayekuja dirishani awe yule anayempisha mwenzake, si anayetaka kupishwa. "La sivyo," akasema, "kila mwenye mdomo mrefu atakuja kunililia hapa." Mwenzangu aliandika na kufuta mpaka akaapa kwamba karani yule aliletwa duniani kumtia yeye majaribuni.

Lakini kikafanya kazi. Wallahi kilifanya kazi! Madereva wakakizoea kabla meneja hajamaliza kukilalamikia. Mizigo ikafuata malori yake, mzee wa Kinango akafika Lunga Lunga mchana kweupe, na yadi ikatulia hata ungeweza kusikia kunguru.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya tajiri kuja, karani aliniona nimekaa kimya karibu na kibanda chake. Akanimegea hamri, akauliza nina nini. Nikamwambia yote: tajiri akikataa, chumba chetu kinafungwa na mimi naondoka kwenda Nairobi. Aliguna tu, "Mmh." Sikujua kwamba kumwambia mama yule siri ni sawa na kuitangaza redioni. Kufikia chakula cha mchana yadi nzima inajua, mpaka muuza maji ya madafu nje ya geti.

Siku yenyewe ikafika. Tajiri alishuka garini na buibui lake limekaa vizuri, akasalimu watu wote mpaka makuli, akasimama na meneja chini ya skrini. Yadi ilikuwa imejaa malori. Mwenzangu anasali kwa midomo.

Namba ya kwanza ikaitwa. Lori halikusogea. Dereva wake akashuka, akaenda dirishani kwa karani akitembea kama bwana harusi, akasema kwa sauti, ili tajiri asikie, "Nimempisha mwenzangu wa nyuma!" Karani akabonyeza. Skrini ikabadilika. Tajiri akatikisa kichwa, amependezwa. Moyo wangu ukatua.

Wa nyuma naye akashuka. "Na mimi nimempisha mzee!"

Mzee wa Kinango akashuka, ametia kofia. "Nami nampisha huyu bwana wa Kilifi, ana watoto wadogo."

Bwana wa Kilifi naye akaja. Na yule wa baada yake. Jamani, jamani! Foleni ilihama kutoka kwenye malori ikaja dirishani. Kila dereva anampisha kila dereva. Namba kwenye skrini zinapanda, zinashuka, zinarudi, na milango ya kupakia iko wazi haina hata lori moja. Makuli wamekaa juu ya magunia wanakufa kwa kicheko. Meneja amelegeza tai kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Karani anabonyeza kwa mikono miwili, jasho linamtoka, mahamri yamesahauliwa.

Niliwafuata dirishani mbio. Salamu nilizikumbuka, lakini nilizitoa zote kwa pumzi moja. "Shikamooni, hamjambo, mnafanya nini nyinyi?"

Mzee wa Kinango akanong'ona, "Tunakusaidia, mwanangu. Tajiri akione kitufe chako kinavyofanya kazi. Hatutaki uende Nairobi."

"Mnanisaidia!" Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kuwachapa wote. "Mnanifukuza! Hakuna lori lililopakiwa!"

"Ala," akasema mzee, akageuka kutazama milango. "Kweli."

Wakati huohuo honi ikalia. Katika madereva wote wa yadi ile alikuwepo mmoja, mtu wa bara kama mwenzangu, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kumpisha mtu, na wenzake walimsema kwa hilo kila siku. Alikuwa amefika wa mwisho. Kwa kupishana kwa wengine, namba yake ilikuwa imesukumwa na kusukumwa mpaka ikafika juu kabisa ya skrini, mlango wa kwanza. Alitoa kichwa kwenye dirisha la lori lake.

"Nyinyi endeleeni na heshima zenu!" akapaza sauti. "Mimi nina safari ya Voi!"

Akarudi nyuma, akaingia mlangoni bila kugusa ukuta. Makuli wakaruka kutoka kwenye magunia. Mzigo wa Voi ukatoka stoo, ukapakiwa, yeye akaondoka. Wengine wakaona aibu, wakapanda malori yao, wakaanza kuingia mmoja mmoja. Na pamoja na vurugu lote lile, kila mzigo uliingia kwenye lori lake. Sabuni za Malindi zilikwenda Malindi. Sukari ya Ukunda ilikwenda Ukunda.

Tajiri alikuwa ameyaona yote. Akaenda dirishani, akamuuliza karani, "Hiki kitufe, unakitaka?"

Meneja akafungua mdomo kueleza. Tajiri akamwinulia kiganja.

"Ukikitoa, nitoe na mimi," karani akasema. Sauti yake ile. Waliokuwa barabarani walisikia. "Miaka yote nimekaa hapa nimeletewa mashine za kila namna, na hakuna aliyeniuliza nashika nini mkono wa pili. Huyu aliniuliza. Sasa mnamwacha aende Nairobi!"

Tajiri akanigeukia. "Kumbe unahama?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kibiashara, ya gharama na faida. Yote yakapotea. "Sitaki kuhama, mama," nikasema mbele ya watu wote. "Nataka kazi hii. Nataka nikae kwetu."

"Basi anza na Kisauni mwezi ujao," akasema. "Madereva wa kule ni wabishi kuliko hawa. Na hicho kitufe, kila dereva apishe mara moja tu kwa siku, ama tutazeekea hapa." Akaenda zake kwenye gari. Meneja akamfungulia mlango, na nikamsikia akimweleza namna wazo la kitufe lilivyopatikana, kana kwamba alikuwepo.

Mwenzangu alinikumbatia, akaimba wimbo wa kwaya mwanzo mpaka mwisho. Madereva wakapiga honi. Mimi nikajificha nyuma ya ukuta wa stoo, nikampigia mama simu.

"Mama, siendi. Tumepata kazi. Siendi popote."

Nikasikia anavuta makamasi.

"Mama? Unalia?"

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, mwanangu. Tangu unambie, chakula hakinipiti kooni."

"Si wewe uliyenambia niende? Hata hukuinua uso!"

"Ningeinuaje? Ungeniona, na ungeniona usingekwenda."